Subaru na Evo: Maneno ya Gereji, Lipi la Kweli?

Zikiegeshwa pamoja Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) popote Nairobi, mabishano huanza. Nayapenda, maana yamewavuta vijana wengi kwenye ufundi. Lakini baadhi ya yasemwayo yanaua injini.

"Mlio wa Subaru unatokana na injini ya boksa." Si kweli. Mngurumo ule wa kukatika-katika unatokana na mabomba ya ekzosti yenye urefu usiolingana: moshi wa silinda za upande mmoja husafiri mbali kuliko wa upande wa pili, hivyo mapigo hufika kwenye turbo bila mpangilio sawa. Impreza za toleo la STI za soko la Japani zilipowekewa mabomba yanayolingana mwanzoni mwa miaka ya 2000, mngurumo ulififia na turbo ikaanza kusukuma mapema zaidi. Anayeng'oa mabomba hayo ili apate kelele anauza nguvu anunue sauti.

"Vali inayopiga 'pshh' huongeza nguvu." Si kweli, na hapa pesa nyingi hupotea. Dereva akiachia mafuta ghafla, hewa iliyobanwa na turbo hukosa pa kwenda, na vali ya kiwandani huirudisha ilikotoka ili izungushwe tena. Kwenye Subaru za turbo, kihisi kilicho karibu na kichujio cha hewa kimeshaipima hewa hiyo na kompyuta imeshaitengea petroli yake. Vali ya 'pshh' ikiitoa nje, petroli inazidi hewa, gari linasitasita na ekzosti inatema moshi mweusi. Nguvu haiongezeki hata chembe.

"Subaru ndiyo iliyoitawala Safari Rally." Wenye Evo wana haki ya kukataa. Impreza ilishinda 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Mitsubishi ilishinda 1996 na 2001 kupitia Tommi Mäkinen, na 1998 kupitia huyo huyo Burns. Na kabla ya hapo, Joginder Singh wa Kenya alikuwa ameshashinda na Lancer mwaka 1974 na 1976.

"Magari makali ya Japani yote yalikuwa na nguvu za farasi 280." Kwenye karatasi, kweli kwa mengi: watengenezaji walikubaliana kutotangaza zaidi ya hapo, kuanzia 1989 hadi 2004. Nissan Skyline GT-R ilitangazwa hivyo huku ikitoa zaidi. Kikomo cha kasi cha kilomita 180 kwa saa kilichowekwa kwenye magari hayo nacho ni kweli.

"Limetoka Japani, tia petroli uende." Hili ndilo la hatari kuliko yote. STI na Evo za soko la Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na okteni takriban 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Chini ya presha ya turbo, petroli hafifu hulipuka ovyo ndani ya silinda na injini hugonga. Kompyuta hujitetea kwa kuchelewesha cheche, lakini fundi akiongeza presha bila kuipanga upya kompyuta hiyo, pistoni hupasuka.

Kwa hiyo kabla hujaongeza presha, muulize fundi: kompyuta ataipanga kwa petroli ipi, na mchanganyiko wa hewa na petroli ataupima kwa kifaa gani? Akikosa majibu, usimwachie funguo.