Fahamu: Unaanzaje mbio za magari za dragi?

Barabara ya lami ya Arua, Koboko hadi Oraba inamshawishi kijana yeyote mwenye gari lenye nguvu ashindane humo. Usithubutu! Humo hupita malori ya Sudan Kusini, boda na watoto wa shule. Dragi hushindaniwa kwenye njia iliyofungwa: magari mawili sambamba, kwa kawaida mita 402.

Anzia kwa FMU, shirikisho la michezo ya magari Uganda, uulizie klabu na leseni. Gari la kawaida linatosha kujifunzia. Tanguliza breki, mkanda na helmeti.

Kisha zizoee taa za kuanzia mbio. Katika mpangilio mmojawapo, njano tatu huwaka kwa kupokezana kila nusu sekunde, halafu kijani. Ukiondoka mapema, nyekundu inawaka, umeshindwa. Ukizubaa, mwenye injini ndogo anakutangulia.