Nukta na -a Unganifu: Maelezo juu ya Vikoa Vidogo

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kueleza jinsi programu ya wavuti inavyotambua kikoa kidogo katika anwani, na kuonyesha kuwa jambo hilo, ingawa aghalabu huachiwa mafundi, lina upande wa kisarufi.

Mfumo wa majina ya vikoa ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Jina huundwa kwa vipande vinavyotengwa kwa nukta, na kila kipande kimo ndani ya kile kilicho kuumeni kwake. Tuchukue www.udsm.ac.tz: tz ni Tanzania, ac ni vyuo, udsm ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na www ni kikoa kidogo cha chuo hicho. Utaratibu huu walingana na ule wa -a unganifu, kama tusemavyo "mlango wa chumba cha nyumba ile": kilicho kipana huja mwisho.

Tangu kanuni za HTTP 1.1 za mwaka 1997, kila ombi halina budi kutaja jina la seva inayoombwa. Kwa hiyo programu moja yaweza kuhudumia wateja wengi, kila mmoja kwa kikoa chake kidogo. Lakini sharti ijue jina la mwenyewe laanzia wapi. Ruby on Rails, isipoagizwa vingine, huchukulia kuwa mwisho wa jina ni kipande kimoja tu, kama .com. Kwa hesabu hiyo, kikoa cha mfano wetu chawa ac.tz, na kikoa kidogo www.udsm, ombi lapotea njia. Dawa yake ni kuiagiza ihesabu vipande viwili.

Kosa hilo likiwa la kivinjari, hatari yazidi: kidakuzi kilichowekwa kwa jina la ac.tz kingepelekwa kwa kila chuo kilicho chini yake. Ndiyo sababu vivinjari hufuata orodha ya viambishi tamati vya umma, iliyoanzishwa na Mozilla.

Zamani neno kikoa lilitaja mlo wa shirika, utolewao kwa zamu. Yafaa watunga istilahi walikumbuke hilo: walio chini ya udsm.ac.tz ni wa kikoa kimoja, wanaoshiriki ac.tz tu ni majirani, na kila mmoja ana chungu chake. Hicho tukiite kiambishi tamati, wala si kikoa.