Uandikishaji wa Elimu ya Awali: Takwimu za Nchi Zisomweje?

Lengo la 4 la Maendeleo Endelevu linazitaka nchi zote zihakikishe, ifikapo mwaka 2030, kwamba kila mtoto amepata malezi na elimu ya awali inayomwandaa kwa shule ya msingi. Ndiyo maana nchi hulinganishwa kwa asilimia za uandikishaji. Ulinganisho huo hupotosha iwapo mambo mawili hayakuzingatiwa.

La kwanza ni umri na muda. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 2019, elimu ni ya lazima kuanzia miaka 3. Finland ililazimisha mwaka mmoja wa awali, kwa watoto wa miaka 6, mwaka 2015. Kenya ina miaka miwili, kwa watoto wa miaka 4 na 5. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliagiza elimu ya awali ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Hivyo, mtoto wa miaka 4 aliye nyumbani Dodoma hajakiuka utaratibu, ilhali mwenzake wa Paris anatakiwa awe anasoma.

La pili ni namna ya kuhesabu. Uandikishaji wa jumla huhesabu wanafunzi wote waliomo darasani, wa umri wowote. Uandikishaji halisi huhesabu wale wa umri unaostahili tu. Tuchukulie kijiji chenye watoto 100 wa miaka 5. Darasa la awali lina wanafunzi 110, lakini 70 tu kati yao wana miaka 5. Waliobaki ni wakubwa au wadogo zaidi. Uandikishaji wa jumla ni asilimia 110, na msomaji atadhani hakuna aliyeachwa. Uandikishaji halisi ni asilimia 70: watoto 30 wa miaka 5 hawamo darasani.

Kwa afya, hao 30 ndio hoja. Baada ya chanjo ya miezi 18, mahudhurio ya kliniki hupungua, na mtoto anaweza kukaa miaka kadhaa bila kuonwa na mtaalamu. Mwalimu wa awali mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua asiyesikia vizuri, anayechelewa kuzungumza au mwenye makengeza. Makengeza yasipotibiwa mapema, ubongo huweza kuzoea kulipuuza jicho moja, na uoni wake ukawa mgumu kurejeshwa baadaye. Aidha, mtoto mwenye ulemavu, anayehitaji zaidi uchunguzi huo, ndiye hufichwa nyumbani kwa urahisi.

Mhudumu wa afya anayempokea mtoto wa miaka 4 au 5 kwa homa au kuhara anafaa amuulize mzazi maswali matatu: Mtoto ameandikishwa? Anaitika akiitwa kwa nyuma? Watu wasio wa nyumbani wanaelewa anachosema? Mzazi naye, akiona dalili hizo, asisubiri darasa la kwanza. Ampeleke mtoto zahanati mapema, awe ameandikishwa au la.