Unataka Kumwita Mpambaji wa Nyumba? Mambo ya Kujua Kabla Hujatuma Pesa

Tuseme nyumba ya wazee pale Adu imefika mwisho. Mabati yameshakaa, milango imewekwa, plasta ya kwanza imepigwa. Wewe uko Mombasa, Nairobi au Doha kikazi, na kuna harusi nyumbani mwezi wa Desemba. Unataka sebule ipendeze: rangi nzuri, dari ya jipsamu, pazia, taa za kisasa. Unapata mpambaji mtandaoni, picha zake zinavutia kweli. Mnaongea kidogo, halafu anakwambia, "Nitumie nusu leo, kesho naanza."

Hapo ndipo tunapotaka usimame kidogo. Sisi kazi yetu ni kukusaidia kutuma na kupokea pesa kwa simu, na tunajua pesa ikishatoka kwako kuirudisha si rahisi, hasa kama uliituma kwa mtu uliyemtaka mwenyewe. Kwa hivyo leo tunaeleza mpambaji wa nyumba anafanya nini, kazi yake inakwenda vipi, na jinsi ya kumlipa bila kulia baadaye.

Mpambaji si fundi wa rangi tu

Fundi wa rangi anapaka. Fundi wa jipsamu anafunga dari. Mpambaji ni yule anayeipanga kazi yote: rangi gani ikae na pazia gani, taa ziwe wapi, kabati liingie vipi kwenye kona, kisha anawatafuta mafundi na kuwasimamia.

Jambo lenyewe si geni Pwani. Kule Gede, karibu na Watamu, kuta za mawe za zamani bado zina vishubaka vya kuwekea taa. Lamu nako, mafundi wa chokaa walijaza ukuta mzima kwa zidaka zilizochongwa vizuri. Tofauti ni kwamba fundi wa zamani ulikuwa unajua anakoishi na baba yake ni nani. Wa leo saa ingine unamjua kwa picha za simu tu. Kwa hivyo yale majirani waliyokuwa wanakuhakikishia, sasa itabidi uyahakikishe mwenyewe.

Muombe akupe namba za wateja wawili wa karibuni, na umtume mtu akaone kazi moja kwa macho. Picha ya hoteli ya Malindi haimaanishi yeye ndiye aliyeipamba.

Siku ya kwanza: vipimo

Mpambaji mzuri hatoi bei kwa picha. Anakuja, anapima, anauliza nani anaishi humo, watoto ni wangapi, umeme upo au mnatumia sola. Wengine wanatoza pesa ya kuja kuangalia. Hiyo ni sawa, hasa kwa mtu anayetoka Malindi na kuvuka Mto Sabaki hadi Adu. Muhimu ni kuulizana mapema: pesa hiyo itakatwa kwenye bei ya kazi, au ni ya safari peke yake?

Baada ya vipimo, anapaswa kukuandikia vifaa vyote, idadi yake na bei yake, kisha ufundi kando. Akikuletea jumla moja tu, mrudishe akaitenganishe. Bila hivyo huwezi kujua unalipia nini.

Hesabu nyingine unaweza kuipima mwenyewe. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za urefu wa mita 2.7. Ukizunguka kuta zote unapata mita 14. Zidisha kwa 2.7, ni kama mita za mraba 38. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 34. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukipaka mikono miwili, chumba hicho kinataka kama lita 7. Sasa mtu akikuandikia ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hicho kimoja, muulize nyingine ni ya nani.

Kazi itachukua muda gani?

Hapa watu wengi hugombana bure. Plasta mpya ya saruji inahitaji kama wiki nne kukauka kabla ya kupakwa rangi. Ukilazimisha mapema, rangi inavimba na kubanduka. Maji nayo ni jambo la kuangalia. Plasta ikikorogwa kwa maji ya chumvi, ukuta baadaye hutoa unga mweupe, na hakuna rangi itakayouficha kwa muda mrefu. Uliza maji ya kazi yanatoka wapi, na weka gharama yake kwenye bajeti.

Angalia pia majira. Mvua za masika Pwani hukolea mwezi wa Mei, na ukuta wenye unyevu haupakwi. Kwa harusi ya Desemba, plasta iwe imemalizika kufikia Septemba ili rangi isigongane na mvua za vuli. Na kama nyumba iko upande wa baharini, kama Gongoni au Ngomeni, muulize kuhusu skrubu na vyuma vya dari. Upepo wa chumvi hula chuma cha bei rahisi haraka sana.

Sasa tuje kwenye pesa

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Uzuri ni kwamba daftari unalo mkononi tayari: simu yako. Kila unapotuma, unapata ujumbe wenye jina, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Lakini daftari hilo linasaidia kama malipo yenyewe yamepangwa.

Kanuni yetu ni moja: pesa ya vifaa iende dukani, pesa ya ufundi ifuate kazi iliyoonekana.

Tuchukue mfano. Kazi yote ni shilingi 120,000. Vifaa ni 75,000 na ufundi ni 45,000. (Hii ni mfano tu, si bei ya soko.) Ile 75,000 usiitume kwa mpambaji. Lipa moja kwa moja kwa namba ya biashara ya duka, mpambaji achukue vifaa na risiti. Kwa njia hii hata mkikosana, vifaa viko nyumbani kwako.

Ile 45,000 ya ufundi igawanyeni hivi:

- 9,000 ni arbuni, siku mafundi wanapofika na kuanza.
- 13,500 kuta zikishalainishwa na dari ikishafungwa.
- 13,500 rangi na taa zikishamalizika.
- 9,000 ya mwisho, wiki moja baada ya kukabidhiwa, mkishawasha kila taa na kufungua kila kabati.

Hiyo ya mwisho ndiyo nguvu yako. Fundi aliyelipwa yote hana haraka ya kurudi kurekebisha mlango unaokwaruza. Lakini haki iko pande zote mbili: hatua ikikamilika vizuri, mlipe siku hiyo hiyo. Naye ana vibarua wanaomngoja na watoto wa kulisha.

Kubalianeni pia ile "ya kutoa" ni ya nani. Inaonekana kitu kidogo, lakini malipo manne yenye ada za kutoa pesa yanaweza kuleta maneno. Na kama una malipo makubwa, kumbuka kiwango cha juu cha muamala mmoja kilipandishwa mwaka 2023 hadi shilingi 250,000, kwa hivyo kazi kubwa itabidi uilipe kwa awamu hata kama hukupanga.

Ishara za kuwa macho

Kwanza, haraka. "Niko hadiwea, bei inapanda saa hii, tuma 15 sasa hivi." Mwambie akupe namba ya biashara ya duka. Kama kweli yuko dukani, hilo ni jambo la dakika moja.

Pili, namba mpya. Ujumbe unaingia: "Laini yangu ina shida, tuma kwa hii." Usitume. Piga ile namba ya zamani, usikie sauti yake. Na kila mara soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa si la mtu mliyeandikiana naye, acha.

Tatu, PIN. Hakuna mpambaji, duka wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako. Hata mara moja.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, toa taarifa kwa huduma kwa wateja mara moja, kabla mwenye namba hajaitoa pesa. Dakika zinahesabika kweli.

Mkikosana je?

Andikeni makubaliano hata kama ni ukurasa mmoja: kazi ni ipi, bei, hatua za malipo, tarehe ya kumaliza, na nani atarekebisha kasoro. Wote wawili tieni sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Kama uko mbali, muombe mtu unayemwamini pale Adu asimame badala yako, apige picha kila hatua kabla hujatuma awamu inayofuata.

Mambo yakiharibika kabisa, anzeni kwa kuketi pamoja, mkiwa na mzee wa mtaa au chifu. Ikishindikana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huko utaulizwa ushahidi. Makubaliano yako, picha zako na taarifa ya malipo kutoka kwenye simu yako ndivyo vitakavyokusemea. Kwa hivyo usizifute zile meseji, na omba taarifa kamili ya miamala mapema.

Wapambaji wengi ni watu wa kazi, wanaotaka jina zuri kama wewe unavyotaka sebule nzuri. Mpambaji wa namna hiyo hatakasirika ukimwomba orodha ya bei, wala ukimwambia vifaa utalipa dukani. Atashukuru kupata mteja anayejua anachotaka. Anayekasirika, mwache aende. Bora wageni wa Desemba wakute ukuta usio na rangi kuliko ukuta usio na rangi na pesa pia imekwenda.