Subira Mbele ya Dirisha la Mhudumu

Miongoni mwa karaha ambazo mtu wa zama hizi hawezi kuziepuka, awe tajiri au fukara, msomi au mkulima, ni ile ya kusimama mbele ya dirisha la ofisi, risiti mkononi na haja moyoni, akaambiwa kwamba mtandao unasumbua. Au ya kushika simu sikioni, akabonyeza moja, akabonyeza tatu, kisha akaarifiwa na sauti ile ile kwamba wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine. Ghadhabu impandayo mtu katika saa hiyo si ya kustaajabiwa, wala sina nia ya kumlaumu mwenye nayo. Nasema tu kwamba aghalabu humwangukia asiyestahili, na kwamba subira na shukrani, ambazo hudhaniwa kuwa ni mapambo ya wanyonge, hufanya kazi kubwa mahali hapo kuliko makelele.

Tutwae umeme wa kulipia kabla, ambao umeenea Kenya na Tanzania. Mtu hulipa kwa simu wakati wa magharibi, na badala ya kuletewa tarakimu 20 za kuingiza katika mita yake, haletewi kitu. Fedha imekwisha kutoka, giza limekwisha kuingia, na samaki wamo katika jokofu. Asubuhi moja, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilimwona mtu mwenye mvi za kuheshimiwa akimfokea binti wa dirishani kana kwamba binti yule ndiye aliyeimeza fedha yake, ilhali binti alikwisha kumwamkia na kumwomba namba ya mita, namba ambayo mzee, kwa wingi wa hasira, hakuitaja hata alipotoka. Nyuma yake palikuwa na mama mwenye shida iyo hiyo. "Pole na kazi, mwanangu," alisema, "nililipa jana jioni, tarakimu hazikuja, ujumbe wa malipo huu hapa." Binti alisoma ujumbe, akapiga simu kwa wenzake, na baada ya kitambo mama akapewa haki yake. Fedha ya namna hiyo hupita katika mitambo ya kampuni ya simu kabla ya kufika kwenye ile ya umeme, na aliyeketi dirishani huona mwisho wa safari tu. Kumfokea hakumwongezei macho.

Kadhalika foleni. Watu wengi huamini kwamba foleni ndefu ni ushahidi wa uvivu wa mhudumu, na pengine ni kweli. Lakini Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akiitumikia kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza mwaka 1909 kuchapisha hesabu zilizofungua elimu nzima ya kungoja, na elimu hiyo inatufunza jambo la ajabu. Tuseme mhudumu mmoja humaliza haja ya mtu kwa wastani wa dakika 3, yaani anaweza watu 20 kwa saa. Wakija 16 kwa saa, pasipo mpango baina yao, na haja zao zikiwa fupi kwa ndefu, kila mmoja atangoja zamu yake kwa wastani wa dakika 12. Wakija 19, idadi ambayo bado imo katika uwezo wake, kungoja hupanda hadi dakika 57. Watatu tu wameongezeka! Mhudumu hakulala, hakuchelewa, hakupiga soga. Aliyeamua kwamba dirisha moja linatosha ni mkubwa ambaye foleni haimwoni.

Wala kazi ya mhudumu haiishi kwenye vidole vyake. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliwachunguza wahudumu wa ndege, na katika kitabu chake cha mwaka 1983, The Managed Heart, akaonyesha kwamba kutabasamu kwa amri na kumeza uchungu kwa ujira ni kazi kamili yenye uchovu wake, hata kama haiandikwi katika mkataba. Kila atukanaye dirishani humwongezea mtu huyo mzigo, na anayefuata katika foleni, asiye na hatia yoyote, ndiye anayelipa.

Hata hivyo nisifahamike vibaya. Subira ninayoitaja si kunyamaza mbele ya dhuluma, wala si kumvumilia anayechelewesha faili kusudi apewe kitu kidogo; huyo ashtakiwe. Rais John F. Kennedy, alipoliandikia Bunge la Marekani tarehe 15 Machi 1962, alihesabu haki ya kusikilizwa miongoni mwa haki za mnunuzi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, imempa mlaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa na habari anazozihitaji. Mwenye subira ndiye aidaiye haki hiyo vizuri: huhifadhi risiti, huandika tarehe, huuliza ngazi iliyo juu, na hurudi na daawa yake bila ya kuivuruga kwa matusi. Na wenye ofisi nao wana wajibu wao, kwani kungoja kusikoelezwa sababu huhisiwa kuwa kurefu kuliko kunakoelezwa. Neno moja la insafu, kwamba mtambo umeharibika na fundi ameitwa, hupunguza nusu ya maudhi.

Shukrani ndiyo tuliyoisahau kabisa. Malalamiko hujaza daftari, lakini binti aliyepiga simu kwa wenzake ili mama apate umeme wake hakuandikwa popote, na mkubwa wake hakupata kujua. Basi nakusihi, msomaji: siku utakayohudumiwa vema, hasa pale shida ilipokuwa nzito, uliza jina la aliyekuhudumia, ukamtaje kwa mkubwa wake kabla hujatoka mlangoni.