Thaddeus Stevens na Hesabu ya Miezi Sita

Mwaka 1821 mwanamke mtumwa, Charity Butler, alidai uhuru wake na wa wanawe mbele ya mahakama ya Pennsylvania, Marekani. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1780 ilimpa uhuru mtumwa wa kutoka nje aliyewekwa humo zaidi ya miezi 6. Charity alikuwa wa Maryland, jimbo la jirani, na alikuwa akipelekwa Pennsylvania na kurudishwa, akipelekwa na kurudishwa. Siku zijumlishwe, alidai, na miezi itatimia. Wakili wa mwenye mtumwa akajibu kwamba lazima miezi ifuatane bila kukatika. Majaji wakamkubalia, mama na watoto wakabaki utumwani.

Wakili huyo alikuwa Thaddeus Stevens, yule yule ambaye baadaye alikuja kuwa mwiba kwa mabwana wa watumwa.

Alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu wake mmoja umepinda. Baba aliitelekeza familia. Mama akahangaika mpaka mwana akahitimu chuo cha Dartmouth. Mwaka 1816 akafungua ofisi ya uwakili Gettysburg, Pennsylvania. Wapo wanaosema kesi ya Charity ndiyo iliyomgeuza. Huenda. Ninachokiona mimi ni wakili kijana aliyetaka wateja, na aliyeijua sheria kuliko alivyomjua aliyeumizwa nayo.

Akiwa mbunge wa jimbo, mwaka 1835 aliinusuru kwa hotuba moja sheria ya shule za bure. Miaka 3 baadaye akagoma kutia saini katiba mpya ya Pennsylvania, kwa kuwa iliwanyima Weusi kura. Mwaka 1851 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Castner Hanway, aliyeshtakiwa kwa uhaini baada ya bwana mmoja kuuawa huko Christiana, Pennsylvania, akiwasaka watumwa waliotoroka. Hanway akaachiwa.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliongoza kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi la Marekani; majeshi ya waasi wa Kusini yakakichoma kiwanda chake cha chuma. Mwaka 1866 alisukuma Marekebisho ya 14 ya Katiba: azaliwaye Marekani, chini ya sheria zake, ni raia, hata avuke mipaka ya majimbo mara ngapi.

Lakini alitaka na ardhi: ekari 40 kwa kila mwanamume aliyetoka utumwani, zikatwe kwenye mashamba makubwa ya waasi. Hapo wenzake wakamwacha. Haki ya kwenye karatasi waliipigia kura. Mali ya tajiri, hata muasi, waliogopa kuigusa. Stevens alifariki Agosti 1868, na walioachwa huru wengi wakaendelea kulima mashamba ya wengine.