Chembe Nyeupe za Damu na Ugonjwa wa Kidole Tumbo

Mkulima wa Diani au Msambweni huamka akiumwa karibu na kitovu. Hana hamu ya chakula, na pengine hutapika. Jamaa zake husema ni chango. Hukandwa tumbo, akanyweshwa sanamaki apate kuendesha. Ifikapo jioni maumivu yamekwisha kuhamia chini upande wa kulia, na homa imeingia. Dalili hizo si za kupuuzwa, kwani huenda ikawa ni ugonjwa wa kidole tumbo.

Kidole tumbo ni mfuko mwembamba ulioshikamana na mwanzo wa utumbo mpana. Zamani wengi walidhani kuwa hauna kazi. Siku hizi yajulikana kwamba ukuta wake una chembe nyeupe za damu nyingi, ambazo ni walinzi wa mwili.

Mara nyingi ugonjwa huanza mlango wa mfuko huo unapozibwa, ama kwa mavi makavu, ama kwa kuvimba kwa ukuta wenyewe. Vijidudu huzaana ndani, na ndipo chembe nyeupe ziitwazo nutrofili hutoka katika damu makundi kwa makundi kwenda kuvimeza na kuviua. Lakini sumu ziuazo vijidudu huunguza ukuta pia. Chembe zilizokufa ndizo zifanyazo usaha. Ukuta ukitoboka, usaha humwagika tumboni, na maisha ya mgonjwa huwa hatarini. Kwa sababu hiyo daktari hupima damu: mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kadiri ya 4,000 mpaka 11,000 katika milimita moja ya ujazo, na zikizidi huwa ni ishara ya vita mwilini, ingawa si ya ugonjwa huu peke yake.

Tena kuna jambo liwahusulo watu wa Kwale, ambako kichocho kimejulikana tangu zamani. Pengine mayai ya kichocho hukwama katika kidole tumbo, na chembe za namna nyingine, eosinofili, huyazunguka na kuleta uvimbe. Basi kujiepusha na maji ya madimbwi yenye konokono ni faida mara mbili.

Ugonjwa huu hauchagui mkubwa wala mdogo. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alipasuliwa na Frederick Treves tarehe 24 Juni, siku mbili kabla ya siku iliyowekwa ya kuvikwa taji. Sherehe iliahirishwa, akapona, akavikwa taji tarehe 9 Agosti.

Yafaa basi kila mwenye nyumba akumbuke haya: mgonjwa mwenye dalili hizo asikandwe tumbo, asipewe dawa ya kuendesha, wala asilishwe, bali apelekwe hospitali siku ile ile. Chembe za damu hupigana kwa bidii, lakini zikichelewa kupata msaada wa daktari, zaweza kuibomoa nyumba zinayoilinda.